Mashuka Hayana Vifungo

Wiki iliyopita niliishia pale shemeji yangu aliponifungia geti na kusema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Binti akirudi, akasimama hapa, nitamwambia mimi mwenyewe. Neno kwa neno!"

Mmeniandikia wengi. Mmoja ameniita mchawi. Mwingine, mama mwenzangu, ameniuliza swali moja tu: "Ulikuwa unamjibu nini alipomuulizia baba yake?"

Nitamjibu. Nilisema amelala. Nilisema ametoka. Nilisema koo limemkauka, daktari amemkataza kuongea. Miezi minane, simu moja kila baada ya wiki mbili, na kila simu na uongo wake.

Kwa anayeanza kusoma leo: mume wangu amefariki. Binti yetu wa pekee alikuwa nchi ya mbali, anafanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili, pasipoti yake imefungiwa kabatini kwa tajiri wake. Asingeruhusiwa kuja kuzika. Nikajiambia, asiyeweza kuja kuzika aambiwe ya nini? Alie na nani, peke yake jikoni kwa watu? Nikanyamaza. Kisha ukoo wa mume ukachukua nyumba tuliyoishi, nami nikahamia chumba kimoja karibu na kazini. Hilo nalo sikumwambia. Uongo ukishazaa, hauzai mmoja.

Na sasa alikuwa anarudi.

"Mama, ni Jumatano au Alhamisi," alinipigia Jumapili. "Tiketi anayo tajiri, hataki kunionyesha. Nikishuka nitaazima simu ya mtu nikupigie. Namba yako ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa. Usizime simu."

"Sizimi."

"Na usikae mbali nayo."

"Mwanangu, hata chooni naingia nayo."

Akacheka. "Mwambie baba nimemnunulia viatu. Namba arobaini na mbili, si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Arobaini na mbili."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Simu ikiita, nitoke mbio, nimkute uwanja wa ndege kabla hajapanda gari la kwenda kwenye nyumba ile. Nimshike mikono yote miwili, ndipo nimwambie. Asisikie kwa mwingine. Asisikie akiwa amesimama getini na viatu vya marehemu mkononi.

Kila kitu kilitegemea simu moja, na mimi sikuwa na mahali pa kuiweka.

* * *

Ninasimamia kitengo cha kufulia cha hospitali. Nina stashahada ya usimamizi wa huduma, niliisomea mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo sioni haya kuitaja. Tuna mashine sita za kufulia, tatu za kukaushia, na pasi ya roli ndefu kama kitanda cha watu wanne. Msimu wa joto ukiingia, mle ndani ni tanuri. Tunavaa gauni jepesi la pamba, halina kola, halina mkanda, halina mfuko.

Mifuko ilikuwepo. Niliishona mdomo mimi.

Mwaka juzi mfanyakazi mmoja tuliyemwita Kicheko alisahau simu mfukoni mwa sare yake. Sare ikaingia kwenye mashine ya kukaushia, betri ikawaka. Mashuka yaliungua, watu hawakuumia. Niliandika ripoti, kurasa tatu. Ripoti ile ikamtoa Kicheko kazini. Siku iliyofuata nikakaa na sindano, nikaziba mifuko ya sare zote, mmoja baada ya mwingine. Na juu ya mlango nikabandika: SIMU HAIVUKI HAPA.

Kuomba ruhusa kwa Mkuu wa Huduma nilijaribu. Akasema Jumatano ana wageni, wanakuja kujifunza kwetu, bila mimi atawaonyesha nini?

Basi Jumatano ile simu ilivuka mlango. Ilivuka na mimi niliyebandika karatasi.

Aliyejua ni mmoja tu, mpiga pasi wetu, tunamwita Pasi. Ni mwenzangu wa siku nyingi. Nilikuwa nimeanza majaribio tangu Jumatatu, yeye akiwa mtazamaji.

Kwanza niliiweka kwenye sidiria.

"Bosi," akaninong'oneza, "ziwa lako la kushoto linawaka taa."

Nikatazama. Kweli, kitambaa kile chepesi kilikuwa kinapitisha mwanga kama pazia.

"Na jasho je?" akaendelea. "Simu ya dada yangu iliota ukungu ndani ya kioo kwa kukaa kifuani. Akawa anasoma ujumbe kama mtu anayechungulia bafuni."

Nikaihamishia kiunoni, kwenye mpira wa nguo ya ndani. Nikapiga hatua nne vizuri. Ya tano, simu ikateremka pajani, ikapita goti, ikatua sakafuni katikati ya korido.

Pasi akainama, akaiokota, akanipa kwa mikono miwili. "Hongera. Wa kike au wa kiume?"

"Acha ujinga wako."

"Iweke kwenye soksi."

"Joto hili, nani anavaa soksi?"

"Basi ishike mkononi kama watu wengine."

"Na mikono yangu nifanyie nini kazi?"

Jioni ya Jumanne nikachukua foronya iliyochanika kutoka kwenye kapu la vitambaa chakavu, nikakata kipande, nikashona kifuko chenye mfuniko. Nikakitia utepe mrefu wa kufunga kiunoni, kikae chini ya kitovu, ndani ya gauni. Niliruka, nikainama, nikapanda ngazi. Kifuko hakikusogea. Nililala nimeridhika.

Kosa lilikuwa pale pale, na mtu wa nje asingeliona. Kile kipande cha foronya kilikuwa na mhuri wa hospitali.

Kwetu kuna sheria ya pili, nayo ni yangu. Kitu chochote cheupe chenye mhuri, kikikutwa kwenye meza ya nguo safi kikiwa kimeviringishwa au kina unyevu, hakifunguliwi wala hakipapaswi. Kinarudi mashineni kilivyo. Ni kwa sababu ya sindano. Mashuka ya wodini huja na sindano ndani, na tumeshachomwa watu wawili kwa kupapasa. Usifungue, usipapase, rudisha. Niliwakaririsha mpaka wakaiota.

* * *

Jumatano asubuhi nilifika na kifuko changu kiunoni. Saa mbili kimya. Saa tatu kimya. Kila dakika mkono wangu ulikuwa tumboni, mpaka mfanyakazi mmoja akaniuliza kama chakula kimenichafua tumbo.

Saa tano na dakika mbili tatu tukaambiwa wageni wako kwenye ngazi.

"Bosi," Pasi akasema, "tumbo lako lina pembe."

Jasho lilikuwa limegandisha gauni mwilini. Simu ilichoreka yote, pande nne, kama nimemeza sanduku.

"Inaonekana?"

"Hata kipofu akikukumbatia atajua."

Nikageukia ukutani, nikafungua utepe, nikaviringisha kifuko, nikakisukuma chini ya rundo la foronya kwenye meza ya kukunjia nguo safi. Dakika tano tu, nikajiambia. Wakitoka ninakivaa.

Mkuu wa Huduma akaingia na wageni wawili. Akaanza kuongea kabla mlango haujafunga.

Kwenye ile meza alikuwepo Mzee Sabuni. Ndiye mwendesha mashine wetu, mtu mtulivu, amebakiza mwaka mmoja astaafu, hajawahi kukosea kipimo cha sabuni. Akachukua rundo la foronya kulipeleka kwenye rafu. Chini yake akakuta kitu cheupe. Kimeviringishwa. Kina unyevu wa jasho langu. Kina mhuri.

Alifanya nilivyomfundisha. Hakukifungua. Hakukipapasa. Alikishika kwa ncha za vidole vyenye glavu, akakirusha ndani ya mashine namba tatu juu ya mashuka, akafunga mlango, akabonyeza.

Niliona. Nataka mjue kwamba niliona tangu mwanzo.

Kila mashine ina kitufe chekundu cha kusimamisha. Kitufe cha namba tatu kilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Maji yalikuwa hayajaingia bado. Ningenyoosha mkono, yakaisha.

"Huyu mama," Mkuu akawa anawaambia wageni, "ndiye aliyeondoa simu humu ndani. Kabla yake ilikuwa vurugu. Sasa hivi ukimpekua mtu yeyote hapa, kuanzia yeye mwenyewe, hukuti simu. Au siyo, mama?"

"Ndiyo, Mkuu," nikasema.

Maji yakaanza kuingia. Ngoma ikazunguka.

Ko. Ko. Ko.

Mgeni mmoja akageuka. "Hiyo sauti ni ya nini?"

Wote wakanitazama. Mkuu, wageni wawili, Pasi aliyeshika shuka hewani, Mzee Sabuni.

"Vifungo," nikasema.

"Ahaa," akasema Mkuu. "Vifungo." Wakasogea kwenye mashine za kukaushia.

Hili ndilo nililokuja kuungama leo, si lingine. Sikuogopa kufukuzwa. Nisingefukuzwa, nina miaka kumi na saba pale. Niliogopa kuaibika. Nilimfikiria Kicheko na zile kurasa tatu. Nilifikiria ile karatasi juu ya mlango. Nikamweka binti yangu upande mmoja na sura yangu upande mwingine, nikachagua sura. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika nane. Nilisimama nikatazama kupitia kioo cha mashine, povu jeupe, na kila mzunguko kile kifuko kinakuja juu, kinanionyesha mhuri, kinazama.

Wageni walikaa dakika ishirini. Walipotoka, hakukuwa tena na sababu ya kubonyeza kitufe.

Mzee Sabuni akanijia, anavua glavu taratibu.

"Mama msimamizi."

"Naam, mzee wangu."

"Mashuka hayana vifungo."

Nikaanza kukunja foronya iliyokwisha kukunjwa.

"Nimefua miaka thelathini. Shuka halina kifungo, foronya haina kifungo. Ilikuwa nini?"

"Simu yangu."

Akatazama karatasi juu ya mlango, akanitazama mimi. Pasi akamsogelea, akamwambia sikioni habari ya binti. Nikaona uso wa mzee ukiporomoka.

"Leo?" akasema. "Mtoto anarudi leo? Mbona hukusema, mama? Mkono wangu ulikuwa bado uko mlangoni. Ungesema 'we mzee' tu, ningefungua!"

"Najua."

"Nimekuulia simu ya mtoto."

"Si wewe. Wewe umefuata sheria."

"Sheria yako," akasema. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliingia ndani zaidi.

* * *

Mashine ilimaliza kama inavyomaliza siku zote, kwa mlio wake wa furaha. Nilitoa kifuko kikiwa cheupe kuliko nilivyokiingiza. Simu ilikuwa ya moto, kioo kimepasuka kama kiganja cha mkulima.

"Kuna fundi mmoja tu anayefungua simu zilizofuliwa," Pasi akasema. "Yuko kwenye vibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Anashiriki meza na Kicheko."

"Kicheko yupi?"

"Sisi tuna Vicheko wangapi?"

"Tafuta fundi mwingine."

"Basi kaa hapa na kiburi chako, mtazamane mpaka binti afike kwa shemeji yako."

Nikaenda. Nilitembea nusu ya njia na nusu nikakimbia, kwenye jua la saa sita, na gauni la kazini.

Kicheko alikuwa ameinama, anapanga bidhaa. Anauza vitu vya simu: makava, waya, na mikanda myembamba yenye kifuko bapa, ya kuvaliwa ndani ya nguo nyepesi za msimu wa joto. Ilikuwa imening'inia kwenye kamba, rangi zote, kila mmoja na zipu yake.

"Karibu mteja," akasema bila kuinua kichwa. Kisha akainua.

"Ripoti yako niliisoma," akasema. "Kiswahili safi kabisa. Hakuna kosa hata moja."

"Nimekuja kwa fundi."

"Fundi huyo hapo. Simu imefanya nini?"

Nikakiweka kifuko mezani, kinachuruzika maji. Akakigeuza, akaona mhuri. Akakinusa. Alifanya kazi kule miaka sita, hakuhitaji kusimuliwa.

"Namba ngapi?"

"Tatu."

"Maji ya moto kabisa?"

"Ya moto kabisa."

Nikasubiri acheke. Mnajua, tulimpa lile jina kwa sababu kicheko chake kilikuwa kinasikika kupita kelele za mashine. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa hata nimeamua nitakivumilia.

Hakucheka. Alisema, "Fundi, acha hiyo unayofanya. Anza na hii."

Fundi, mtu mnene mwenye miwani ya kukuza, akafungua simu kwa bisibisi ndogo, akapuliza, akatikisa kichwa. "Marehemu," akasema, kama wanavyosema mafundi.

Lile neno likanikalisha chini. Kicheko akanisukumia kigoda.

"Ila laini iko salama," fundi akasema. Akaitoa ile kadi ndogo, akaifuta kwa kitambaa, akaitazama kwenye mwanga. "Kadi hizi ni kaidi kuliko sisi. Shida sina simu ya kuiwekea, zote hizi mezani ni wagonjwa."

Kicheko akatia mkono chini ya blauzi yake nyepesi, akavuta zipu ya mkanda wake, akatoa simu yake mwenyewe. Akatoa laini yake, akaishika kati ya meno, akampa fundi simu.

"Weka."

"Asante," nikasema.

"Bado sijakusamehe," akasema kwa meno yaliyobana. "Ni simu tu hiyo."

Simu ikawaka. Mtandao ukapanda taratibu, kijiti kimoja, viwili. Kisha ikaanza kutetemeka mezani, na haikuacha.

Ya kwanza ilikuwa taarifa ya mtandao: namba moja nisiyoijua ilikuwa imenipigia mara nne. Saa tano na dakika tisa. Saa tano na dakika kumi na tano. Saa tano na nusu. Saa sita kasorobo.

Saa tano na dakika tisa. Neno "vifungo" lilikuwa bado liko mdomoni mwangu.

Chini yake kulikuwa na ujumbe. Nilimpa Kicheko anisomee, macho yangu hayakuwa yanaona.

Akasoma: "Mama ni mimi nimefika. Hupatikani. Nimengoja sana na hii ni simu ya mwenye teksi, naona haya kuendelea kumwomba. Usiwe na wasiwasi, njia ya nyumbani naijua. Naenda moja kwa moja. Nataka nimvalishe baba viatu mwenyewe."

Kicheko akaishusha simu. "Baba yake si alifariki?"

"Alifariki."

"Na mtoto hajui?"

Nikatikisa kichwa.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Piga. Piga hiyo namba, unangoja nini?"

Mwenye teksi akapokea mara moja, nikamuulizia binti. Nyuma yake redio ilikuwa inaimba.

"Binti yule? Nimeshamshusha, mama. Karibu nusu saa sasa. Nyumba yenye geti la bluu."

"Nani alimfungulia?"

"Mtu mzima mmoja, mrefu, mwembamba. Binti alimrukia shingoni, 'Baba mdogo! Baba mdogo!' Mzigo wote kaudondosha."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Huyo mtu mzima. Alifanyaje?"

Mwenye teksi akapunguza redio. "Kusema kweli nilishangaa. Mtu amepokea mgeni wake, lakini alisimama kama mtu aliyeitwa mahakamani. Kwani kuna tatizo, mama?"

Nikakata. Nilisimama niende, nikakaa, nikasimama tena. Kwa gari lolote nisingefika chini ya nusu saa. Nusu saa nyingine, juu ya nusu saa aliyokwisha kuwa nayo. Neno kwa neno, alikuwa amesema. Nilimjua shemeji yangu. Hajawahi kuahidi ubaya akausahau.

Simu ikaita mkononi mwangu.

Jina halikutokea, majina yote yalikufa na simu yangu. Lakini kwa ile namba sikuhitaji jina. Miezi minane imekuwa ikinipigia kunitaka nitoe vitu vyangu vilivyobaki.

"Pokea," Kicheko akasema.

Nikapokea.

"Shemeji." Sauti yake ilikuwa chini. Sijawahi kumsikia akiongea chini.

"Umeshamwambia," nikasema.

"Nimekupigia tangu saa ile. Ulikuwa wapi wewe?"

"Umemwambia?"

"Amekaa kwenye kiti cha kaka. Viatu ameviweka chini, mbele ya kiti, kama vinavyowekwa kwa mtu anayetaka kuvivaa. Ananiuliza baba anarudi saa ngapi."

"Shemeji, umemwambia?"

"Nimefungua mdomo mara tatu," akasema. "Wallahi mara tatu. Nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga miezi minane, nilidhani ni kazi rahisi. Kisha akanitazama." Sauti ikakatika, ikarudi. "Nimemwambia ametoka."

Lilikuwa neno langu lile lile, na sasa tulikuwa wawili.

"Njoo," akasema. "Njoo umwambie wewe. Mimi siwezi. Njoo, geti liko wazi."

Kwa nyuma nikasikia hatua, kisha sauti ambayo kwa miaka miwili nimeisikia kutoka mbali tu. "Ni mama huyo? Baba mdogo, ni mama? Nipe niongee naye."

"Ngoja kwanza, mwanangu..."

"Nipe bwana!"

Simu ikabadilisha mikono.

"Mama! Simu yako ilikuwa wapi jamani? Nimekupigia mpaka mwenye teksi akaanza kunihurumia!" Alikuwa anacheka, na kicheko kikaanza kupungua taratibu, kama maji yanayotoka mashineni. "Mama, mbona nguo zako hazimo chumbani? Mbona kitanda cha baba hakipo? Nimeuliza ametoka kwenda wapi, baba mdogo amegeukia ukutani. Analia, mama. Mtu mzima analia kwa sababu ya nini?"

Kicheko alikuwa amesimama mbele yangu, laini yake bado iko kati ya meno, hapepesi macho.

Ndipo nikaisikia sauti nyingine kwenye simu. Tangu mdogo, binti yangu akiogopa kitu lazima agongegonge alichoshika. Alikuwa ameviokota vile viatu, anagonga kimoja juu ya kingine.

Ko. Ko. Ko.

"Mama," akasema, "unanisikia? Baba yuko wapi?"